Samweli: jina lenye jina la mtu mwingine ndani yake

Mpwa wangu alijifungua mtoto wa kiume miezi michache iliyopita, na juzi usiku akanitumia picha ya kadi ya ubatizo kabla haijapelekwa kwa mchapaji. "Shikamoo mjomba. Tumeandika SAMWELI, na chini yake 'Mungu amesikia'. Wewe ndiye mtu wa Kiebrania, hebu tuangalizie kama iko sawa."

Nikaitikia marahaba, nikaandika "subiri kidogo", kisha nikakaa na simu mkononi karibu robo saa. Nimefundisha Kiebrania cha Biblia kwa miaka mingi, na swali la maana ya majina ndilo ninaloulizwa kuliko yote, kanisani, msibani, hata kwenye foleni ya daladala. Mengi hayasumbui. Isaka ni "anacheka", Danieli ni "Mungu ni mwamuzi wangu", unajibu ukiwa umesimama na safari inaendelea. Samweli inabidi uvute kiti.

Kisa chenyewe wengi mnakijua. Elkana, mtu wa Rama katika milima ya Efraimu, alikuwa na wake wawili, Penina na Hana. Penina ana watoto, Hana hana. (Kiswahili kimejichezea hapo bila kutumwa na mtu, kwa Kiebrania Hana maana yake ni neema.) Wanapanda Shilo kila mwaka kutoa dhabihu, na kila mwaka Penina anamchokoza mwenzake mpaka analia na kuacha kula. Mwaka mmoja Hana anaingia kuomba, midomo inacheza na sauti haitoki, naye kuhani Eli anadhani amelewa. Mambo yakiisha kueleweka, Eli anambariki, Hana anarudi nyumbani, anachukua mimba, anazaa. Halafu, katika 1 Samweli 1:20, anampa mtoto jina na kutoa sababu: "Kwa kuwa nimemwomba kwa BWANA."

Msomaji wa Kiswahili anapita hapo bila kujikwaa. Msomaji wa Kiebrania anasimama, maana sababu na jina havifanani. Kuomba, katika mstari ule, ni sha'al. Ukitaka kutoa jina katika sha'al, ukamwita mtoto "aliyeombwa", unapata Sha'ul. Yaani Sauli, jina la mfalme wa kwanza wa Israeli. Ni kama mama aseme, "Nimemwita Baraka kwa sababu nilipewa zawadi." Kila anayemsikia angeuliza: sasa si ungemwita Zawadi?

Kwa hiyo tuna maana tatu zinazogombania mtoto mmoja. Ya kwanza ni ya kadi ya mpwa wangu, "Mungu amesikia". Ya pili ni ya Hana, "nimemwomba". Ya tatu ndiyo utakayoikuta katika kamusi nyingi za Kiebrania: "jina la Mungu", au "jina lake ni Mungu". Na hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati ya pekee, kwa sababu mashina yote matatu tunayo mdomoni kila siku bila kujua. Yalitufikia kupitia Kiarabu, ambacho ni ndugu wa Kiebrania.

Anza na hesabu. Sita, saba, tisa. Kiebrania: shisha, shiv'a, tish'a. Salamu ni shalom. Samawati, ile rangi ya mbingu, ni jamaa wa shamayim, mbingu zenyewe. Umeona mtindo: mahali penye sh kwa Kiebrania, mara nyingi Kiarabu kina s, na sisi tukaichukua hivyo hivyo. Ukishashika ufunguo huo, milango inafunguka yenyewe. Sha'al, kuomba au kuuliza, kwa Kiarabu ni sa'ala, na humo ndimo lilimotoka neno letu swali, pamoja na suala na masuala. Shem, jina, kwa Kiarabu ni ism. Tunalo katika isimu, na tunalo kila mtu anaposema bismillahi, kwa jina la Mungu. Shama', kusikia, ni sami'a. Jirani zangu Waislamu hulitamka kila wanapoinuka kutoka kwenye rukuu, sami'allahu liman hamidah, Mungu humsikia anayemsifu.

Basi fumbo la Samweli kwa Kiswahili ni hili: ndani ya jina mna swali, mna isimu, au mna sami'a?

Nianze na sami'a, maana ndiyo ya kadi. Tatizo lake ni herufi moja. Shama' inaishia na ayini, ile sauti inayobanwa kooni, na ayini katika majina ya Kiebrania haipotei kirahisi. Biblia imejaa majina ya kusikia na yote yameitunza. Ishmaeli, Mwanzo 16:11, ni "Mungu husikia", na ayini imo. Simeoni, Mwanzo 29:33, imo. Shemaya, Elishama, imo. Ila Samweli huandikwa shini, memu, vavu, alefu, lamedi. Ayini haipo, wala haina nafasi ya kukaa. Mwebrania aliyetaka kumwita mwanawe "Mungu husikia" alikuwa na jina tayari, nalo ni Ishmaeli.

Nadhani najua kwa nini maana hii inatuingia haraka. Sisi ayini tuliiacha njiani. Sab'a ikawa saba, tis'a ikawa tisa, ilmu yenye ayini ikawa elimu. Masikioni mwetu Ishmaeli na Samweli wana mwisho mmoja na katikati panapofanana, basi tunawapa maana moja. Lakini kwa Mwebrania wa zamani alefu na ayini zilikuwa mbali kama zilivyo kwetu ngoa na ng'oa. Mgeni anaweza asisikie tofauti, ila mwenyeji hatachanganya kutimiza ngoa na kung'oa jino.

Isimu, kinyume chake, inakaa vizuri. Shem ni jina, El ni Mungu, na katikati yao ipo u. Hiyo u ndiyo watu huniuliza, nami huwajibu kwa swali: Abdulla maana yake nini? Mtumwa wa Mungu. Abd ni mtumwa, Allah ni Mungu, na ile u ya katikati? Ni mwisho wa zamani wa nomino, ule ambao Kiarabu cha Kurani bado kinautamka na ambao Kiebrania kilikwisha kuupoteza, isipokuwa katika majina machache yaliyoganda. Mojawapo ni Penueli, mahali Yakobo aliposhindana mweleka hadi alfajiri. Katika Mwanzo 32 pameandikwa kwa namna mbili katika mistari inayofuatana, Penieli mara moja, Penueli mara ya pili, na zote ni "uso wa Mungu". Kwa hiyo Shemu-El imejengwa kama Abdu-llah. Ukiitia katika Kiarabu utapata ismullahi.

Wapo wanaoisoma u hiyo kama kiambishi cha "yake" kilichofupishwa, wakapata "jina lake ni Mungu". Kisarufi inawezekana. Mimi naiona "jina la Mungu" kuwa nyepesi zaidi, lakini sitagombana na mtu kwa hilo.

Kuna kitu kidogo hapa ninachokipenda kupita kiasi. Kigiriki hakina sh, hivyo waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki karne chache kabla ya Kristo waliandika Samouel, na s hiyo ikasafiri hadi Ulaya na hatimaye kwetu, ingawa sisi sh tunayo na tungeweza kuitumia. Waganda walipolipokea wakapata Samwiri. Sisi tukapata Samweli. Angalia hiyo w. Kiswahili kikikuta u mbele ya e huibana: kuenda huwa kwenda, mu-enye huwa mwenye. Basi ile w ya mtoto wa mpwa wangu ndiyo u ya kale, ile ile ya Abdulla, imekunja miguu tu.

Na ni ya kale kweli. Katika karne ya 19 KK, kusini mwa nchi ambayo leo ni Iraki, mji wa Larsa ulitawaliwa na mfalme aitwaye Sumu-El. Alikuwa wa ukoo wa Waamori, watu ambao lugha yao ilikuwa na undugu na Kiebrania, na sumu yao ni jina. (Msicheke. Si sumu ya panya.) Shem, El na u katikati, miaka kama 800 kabla ya Hana. Hata ndani ya Biblia jina linajitokeza kwa wengine wasiohusiana na Shilo kabisa: Hesabu 34:20 yuko kiongozi wa kabila la Simeoni mwenye jina hilo hilo kwa herufi zile zile, na 1 Nyakati 7:2 yuko mwingine wa Isakari. Hana hakulitunga jina. Alilikuta.

Sasa tumrudie yeye, maana utamu uko kwake.

Wafafanuzi wa Kiyahudi wa zama za kati waliliona pengo hili na wakajaribu kuliziba. David Kimhi alipendekeza kwamba Shemuel ni mkato wa sha'ul me-El, "aliyeombwa kwa Mungu". Jaribio la werevu, ila Kiebrania hakina desturi ya kukata maneno kwa kisu kikali namna hiyo. Katika karne iliyopita wakaja wataalamu waliokata shauri lingine: kisa hiki hapo mwanzo kilikuwa cha kuzaliwa kwa Sauli, kikachukuliwa baadaye na kuvalishwa Samweli, ila aliyekihamisha akasahau kubadilisha sababu ya jina.

Nimewahi kuliamini hilo nikiwa mwanafunzi. Siku hizi siliamini, na nitawaonyesha kwa nini. Kaeni na sura ya kwanza mhesabu shina la sha'al. Mstari wa 17 Eli anasema Mungu akupe she'ela yako uliyo-sha'al: mara mbili. Mstari wa 20, mara moja. Mstari wa 27, Hana amerudi Shilo na mtoto, anarudia maneno ya Eli: mara mbili. Mstari wa 28, mara mbili tena. Saba kwa jumla. Mtu aliyesahau kufuta nyayo zake hasahau mara saba katika sura moja, kisha akaongeza nyingine mbili katika 2:20.

Na ule mstari wa 28 ndio kilele. Hana anasema hish'iltihu, "nimemwazima" kwa BWANA. Ni shina lile lile likiwa limegeuzwa upande wa pili: kuomba kitu, kisha kukiachilia kwa aliyekitoa. Kiswahili kina neno linalocheza hivyo hivyo, maana kuazima ni kuchukua na ni kutoa, mazingira ndiyo yanayoamua. Halafu anamalizia: siku zote za uhai wake, hu sha'ul la-YHWH. Tafsiri zetu huweka kitenzi cha kupa, kwamba mtoto amepewa BWANA, na si kosa. Lakini aliyekuwa akisikiliza kwa Kiebrania alisikia hivi: "Yeye ni Sauli kwa BWANA." Jina kamili, bila kubadilisha hata irabu. Mtoto Samweli amesimama pale Shilo, ameachishwa ziwa juzi tu, na mama yake anamtaja kwa jina la mtu ambaye siku moja atampaka mafuta, na baadaye kumlilia.

Angalia na herufi zenyewe. Sauli ni shini, alefu, vavu, lamedi. Samweli ni shini, memu, vavu, alefu, lamedi. Herufi zote nne za Sauli zimo ndani ya Samweli. Msimuliaji wa kale aliyeishi na herufi hizo asingeweza kutoliona.

Kwa nini afanye hivyo? Soma mbele. Katika sura ya 8 wazee wanamjia Samweli wakitaka mfalme, na mstari wa 10 unawaita hasho'alim, waombaji wa mfalme. Katika sura ya 12 Samweli amezeeka, anawakemea kwa kuomba, na kitenzi ni sha'al tena na tena. Mwanamke mmoja aliomba mtoto akampata, akamrudisha. Taifa zima liliomba mfalme likapata Sha'ul, Ombwa, aitwaye kwa jina la ombi lao. Msimuliaji ameviweka visa viwili kwenye mizani moja, na uzani wake ni shina moja la herufi tatu.

Wala hamwachi Sauli akiwa kitini. Katika 14:37 tunasoma wayyish'al Sha'ul, "Sauli akauliza" kwa Mungu, na siku ile hakujibiwa. Katika 28:6, usiku wa kuamkia vita yake ya mwisho na Wafilisti, maneno yale yale: wayyish'al Sha'ul, na BWANA hakumjibu, si kwa ndoto, si kwa urimu (kura takatifu ya makuhani), si kwa manabii. Mtu ambaye jina lake ni ombi amekuwa mtu ambaye maombi yake hayajibiwi. Ndipo anapojificha kwa nguo nyingine na kwenda Endori kwa mwanamke mwenye pepo wa utambuzi, ili ampandishe Samweli aliyekwisha kufa. Samweli anapanda, amekasirika, na neno lake kwake katika mstari wa 16 ni lamma tish'aleni, "mbona unaniuliza mimi?"

Nikifundisha sura hiyo huwa naandika ubaoni shini, alefu, vavu, lamedi bila irabu, nawaambia wanafunzi wasome. Nusu husema Sha'ul. Nusu husema she'ol, kuzimu. Wote wamepata, maana maandiko ya kale hayakuwa na irabu na maneno hayo mawili yaliandikwa sawasawa. Kisha nawarudisha kwenye wimbo wa Hana, 2:6, BWANA hushusha hata she'ol, tena huleta juu. Darasa hunyamaza kidogo hapo. Mwaka mmoja mwanafunzi wa nyuma alisema kwa sauti, "Jamani, huyu mama!" na sikuona la kuongeza.

Kwa hiyo, je, Hana alikosea maana ya jina la mwanawe? Swali hilo huja kila mara, na huwa limebeba dhana kwamba mama akitoa jina hufungua kamusi. Binti Farao katika Kutoka 2:10 anasema amemwita Musa kwa kuwa alimtoa majini, akilicheza na kitenzi cha Kiebrania masha, kuvuta kutoka majini. Wataalamu wengi wanaona jina lenyewe ni la Kimisri, lile lile "kuzaliwa, mwana" lililomo katika Thutmose. Mwanzo 11:9 Babeli inaelezwa kwa balal, kuchafua, ilhali Wababeli wenyewe waliita mji wao lango la mungu. Katika Biblia sababu ya jina hufuata sauti na tukio. Kwetu pia mtoto akiitwa Shida, Tabu au Mashaka, anayetaka kujua maana haulizi maana ya tabu. Anauliza siku ile palikuwa na nini.

Nalo El halikukomea kwenye majina ya Biblia. Nenda Kilimanjaro, Meru au Upareni, uwahesabu akina Elibariki, Elinami, Elifuraha, Elirehema, Eliamani. Kiebrania mbele, Kiswahili nyuma, na wenyewe wanakaa pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Elinami, Mungu yu nami, ni Imanueli aliyegeuzwa kutoka "nasi" kuwa "nami". Sijakutana na mchungaji aliyelalamika kwamba lugha mbili zimechanganywa.

Haya yote, bila shaka, hayaingii kwenye kadi ya ubatizo. Nilimpigia mpwa wangu kesho yake asubuhi nikamweleza kwa kifupi, kwa kadiri ninavyoweza kufupisha. Kwamba "Mungu amesikia" ni maana nzuri ya jina lingine. Kwamba ya kamusi ni "jina la Mungu". Kwamba Hana mwenyewe alisema kitu cha tatu. Akaniuliza Hana alisema nini hasa, nikamsomea mstari wa 20.

Akanyamaza. Huyu ni mtoto wake wa kwanza kufika nyumbani; kabla yake walikuwapo wawili ambao hawakufika. Mtoto alikuwa akilia huko nyuma, nikasikia anambembeleza, kisha akasema, "Basi mjomba, nitaandika hilo la Hana. Neno moja tu."

Jioni akanitumia picha mpya. Juu SAMWELI, chini yake "Nilimwomba". Amesema mchapaji alimpigia mara mbili kuuliza kama kuna maneno yamesahaulika.